Nafasi ya kazi ikiuzwa, mtoto ndiye anayelipa

Hotuba mbele ya wakuu wa mashirika ya kijamii, wasimamizi wa wafanyakazi na wahitimu wa mwaka huu, Bukavu

Wazee wetu, mama na papa, wakuu wa mashirika mlioacha ofisi asubuhi hii, na ninyi vijana mnaomaliza masomo na mmekuja na CV zenu ndani ya bahasha: asanteni kwa kufika.

Nimeombwa niseme juu ya maadili katika kuajiri. Wengi wakisikia hivyo wanamwazia mtu aliyekosa kazi. Alistahili, akanyimwa, nafasi ikapewa mtoto wa shangazi ya mkuu. Uchungu huo ni wa kweli na nitaufikia. Ila naomba nianze na mtu ambaye hakuomba kazi yoyote wala hajui kwamba kulikuwa na tangazo. Ni mama aliyekimbia kutoka Kalehe na watoto watatu, amehifadhiwa na familia moja huko Kadutu. Kesho atapigiwa hodi na kijana aliyevaa jileti yenye nembo ya shirika lenu. Kijana huyo atamwuliza mambo ambayo hata dada yake wa tumbo moja hathubutu kumwuliza: waliokuingilia walikuwa wangapi, baba wa mtoto huyu ni nani, jana mlikula nini. Atayaandika yote kwenye fishi, ile karatasi ya taarifa za mama, ataikunja na kuondoka nayo. Baada ya hapo jina la mama litaingia kwenye orodha ya watakaosaidiwa, au halitaingia.

Ni kazi ngapi zinazompa mtu wa miaka ishirini na kitu uwezo wa namna hiyo juu ya mzazi mzima? Mhasibu mwizi huiba fedha, na fedha huenda zikarudishwa. APS mwizi, yule msaidizi wa kisaikolojia na kijamii tunayemtuma nyumba kwa nyumba, huiba siri ya mtu, na siri haina risiti. Ndiyo maana ninashikilia kwamba ulinzi wa mnufaika huanza siku ile tangazo la kazi linapoandikwa. Kanuni za maadili tunazosainishwa wiki ya kwanza zinamkuta mtu ameshaingia.

Niseme wazi kuhusu “opération retour”, maana humu hakuna asiyeijua. Mtu anapewa kazi kwa ahadi kwamba atarudisha sehemu ya mshahara: wa mwezi wa kwanza wote, au nusu ya miezi mitatu, kutegemea ukubwa wa nafasi. Fedha hazipiti ofisini. Zinapita kwenye simu ya binamu wa mtu fulani, jioni, na ujumbe unafutwa. Mwaka 2020 tathmini iliyofanywa kwa ajili ya wafadhili na mashirika ya misaada nchini mwetu iliandika mambo haya kwa kirefu, kwa hiyo hata Kinshasa na ng'ambo wanayajua.

Tuchukue hesabu ya mfano. APS ana mkataba wa miezi sita, dola 400 kwa mwezi. Amedaiwa mishahara miwili. Kati ya dola 2,400 anabaki na 1,600, na kabla hajaanza alishakopa kwenye likelemba, ule mchango wa kupokezana, ili aishi wakati akingojea majibu. Ana kodi ya nyumba, ana mdogo wake shuleni. Hizo dola 800 atazitoa wapi? Atazitoa mahali pekee ambapo ana uwezo, yaani kwenye orodha. Dola tano kwa kila jina linaloingia. Au gunia moja katika kila kumi halishuki kwenye gari. Au, kwa msichana asiye na dola tano, kitu kingine. Na msichana huyo akipata ujasiri wa kulalamika, malalamiko yatapanda ngazi mpaka kwa msimamizi, na msimamizi ndiye aliyepokea zile 800. Hawezi kumgusa kijana wake. Wamefungana.

Hapo ndipo mnyororo wote unapoonekana. Mtu akinunua kazi ya kusaidia watu, watu wale wale ndio watakaomlipa.

Tulishaonyeshwa jambo hili, na si mbali. Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, fedha nyingi ziliingia Beni na Butembo kwa kasi, na pamoja nazo vibarua vingi: kupika, kusafisha, kuhamasisha mitaani. Ugonjwa ulidumu karibu miaka miwili, ukaua zaidi ya watu 2,200, na mwaka 2019 ukafika mpaka kwetu Mwenga. Mwaka 2020 waandishi wa habari wakaanza kuchapisha ushuhuda wa wanawake. Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani, chini ya Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Julienne Lusenge, mama wa Kongo hii hii, ikatoa ripoti yake: watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe. Masimulizi yalifanana. Mwanamke aliahidiwa kazi akikubali kulala na mtu, au aliachishwa kazi kwa sababu alikataa. Wengine walifuatwa karibu na hospitali, mahali orodha za waliochaguliwa zilipobandikwa, walipokuwa wakitafuta majina yao.

Fikirini mahali hapo, mama na papa. Ukuta, karatasi, wanawake wamesimama wakisoma, na mwanamume nyuma yao anayejua kwamba kalamu ni yake.

Sheria hazikukosekana. Tangu Oktoba 2003, wakati wa Kofi Annan, Umoja wa Mataifa ulikuwa umewakataza watumishi wake kutoa fedha, kazi, bidhaa au huduma ili kupata ngono. Kazi imetajwa humo kwa jina lake. Na sheria yetu ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ukatili wa kijinsia inamfunga anayetumia mamlaka ya kazi yake kumsumbua mtu kingono, kuanzia mwaka 1 hadi 12. Kilichokosekana kilikuwa kitu kidogo zaidi na cha kila siku: vibarua vingi vilitolewa bila ushindani wa wazi, uamuzi ukiwa mkononi mwa mtu mmoja ambaye hakuna aliyemwuliza sababu.

Na leo tuko katika hali ngumu kuliko ile. Januari 2025 Marekani, mfadhili aliyekuwa mkubwa kuliko wote katika misaada ya kibinadamu hapa Kongo, ilisimamisha misaada yake. Mwisho wa mwezi huo huo vita viliingia Goma, na katikati ya Februari vikaingia kwetu Bukavu. Benki zilifunga. Projeti zilikatika katikati, watu wakaambiwa wabaki nyumbani. Nafasi moja ikitangazwa sasa, bahasha zinajaa sanduku la mlinzi getini. Aliyeshika kalamu hajawahi kuwa na nguvu kama aliyonayo leo. Ndiyo maana nimeona niseme sasa, bila kungojea siku tulivu.

Sasa ndugu. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi sitasimama hapa kuwatukana wakuu wanaovutia kwao. Najua mzigo wenyewe. Mjomba aliyekulipia minerval, yaani karo ya shule, kutoka darasa la kwanza mpaka digrii anakuja nyumbani Jumapili na mtoto wake, anakaa, anakunywa chai, hasemi kitu. Hahitaji kusema. Ukimwambia kuna kamati na maksi, ataona umekuwa mzungu. Deni hilo ni la kweli na lazima lilipwe. Lipa kutoka mfukoni mwako: msaidie kijana aanze biashara, mlipie mafunzo. Ajira ya shirika si mali yako hata uitumie kulipa deni la familia.

Ndugu anaweza kuomba kazi, sioni ubaya. Mwenye undugu naye aandike hivyo kwenye karatasi, asaini, atoke chumbani wakati wa usaili na asirudi mpaka maksi zimefungwa. Na akipata kazi, asisimamiwe na ndugu yake kamwe. Niliwahi kutembelea ofisi moja ambako sanduku la malalamiko lilikuwa zuri kabisa, lina kufuli na maandishi kwa Kiswahili na Kifaransa. Nikauliza ufunguo unakaa na nani. Unakaa na dada wa mkuu wa timu ya uwanjani. Sanduku lilikuwa tupu, na ripoti kwa mfadhili ilisema wanufaika wameridhika.

Kuna undugu mpana zaidi, ule wa “mtoto wa kwetu”. Katika mkoa wenye Washi, Wahavu, Warega, Wafuliru, Wabembe, Wanyamulenge na wengine, timu yenye watu wa upande mmoja tu ni hatari kwa kazi yenyewe. Mama wa jamii nyingine hatafungua kinywa. Atasema amepona, ataomba sabuni, ataenda. Lakini mara nyingi watu hutetea upendeleo huu kwa hoja ya lugha: tunahitaji anayesema Mashi, lugha ya Washi, kwa hiyo tumechukua Mushi. Basi pima lugha. Mkalishe mwombaji na bibi anayesema Mashi peke yake, waongee dakika kumi, kisha mwulize bibi. Mrega aliyekulia Walungu, kwa Washi, anaweza kumshinda Mushi aliyekulia Kinshasa. Ibara ya 36 ya Katiba yetu ya 2006 inasema hakuna anayeweza kudhulumiwa kazini kwa sababu ya asili yake, jinsia yake, maoni yake au imani yake. Nawaomba muisome ibara hiyo kabla ya kuandika matangazo yenu.

Kwa wanawake nitapita haraka. Kutafuta wanawake wa kuwasikiliza wanawake waliobakwa ni hitaji halali la kazi, tena ibara ya 14 inataka usawa. Kumwuliza mwombaji kama ameolewa au kama ana mpango wa kuzaa mwaka huu ni jambo lingine, na halina jibu linalomsaidia mnufaika yeyote.

Jambo moja linaniuma zaidi kwa sababu tunalifanya kwa nia njema. Anakuja mwombaji ambaye yeye mwenyewe alipitia: alikuwa mtoto aliyetoka kwenye kundi la wapiganaji akapitia kituo cha mpito, au ni mama aliyebakwa akatibiwa hospitali ya Panzi. Pengine ametaja kwenye barua yake, pengine mtu amenong'ona. Na jopo linamwambia, tueleze yaliyokupata. Watu watatu wenye kalamu, yeye mmoja, na kazi mezani. Mimi nasema asiulizwe. Akitaka kusema, atasema. Mwulizeni atafanya nini akikutana na mtoto aliyekataa kula, kama mnavyomwuliza mwingine yeyote. Kumlipisha mtu historia yake ili apate kazi ni “opération retour” ya namna nyingine.

Tuje kwenye barua za zamani. Shirika lina mtu aliyewagusa wasichana. Uchunguzi unaleta aibu, mfadhili atakuja, basi wanakaa na mtu huyo, anaandika barua ya kujiuzulu, wanampa cheti cha kazi chenye muhuri na maneno matamu. Miezi mitatu baadaye yuko Uvira na jileti nyingine. Dunia nzima ilijifunza hili kwa kesi ya Oxfam, shirika la misaada la Uingereza, kule Haiti. Mkuu wa ofisi aliruhusiwa kujiuzulu mwaka 2011 baada ya uchunguzi, akaenda kuongoza kazi za shirika jingine Bangladesh, na shirika hilo likasema halikuonywa. Habari zilipolipuka Februari 2018, Oxfam ilikaribia kuanguka. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Januari 2019 mashirika kadhaa ya kimataifa yalianzisha utaratibu wa kuulizana: kabla ya kumchukua mtu, unamwandikia kila mwajiri wake wa miaka 5 iliyopita na kumwuliza kama alipatikana na hatia ya unyanyasaji wa kingono. Shirika la Bukavu lenye watu kumi na wawili linaweza kufanya vivyo hivyo kwa simu. Lakini namba ya simu usiichukue kwenye CV, kwa sababu huko utampata rafiki yake. Nenda ofisini kwao, ukutane na mkuu.

Hata hivyo naomba tuwe waangalifu. Mji wetu unajua kuua mtu kwa maneno. Kijana akikataa kushiriki kwenye uchafu, hao hao wenye uchafu ndio watakaoeneza kwamba aliiba pikipiki. Kwa hiyo ulizeni juu ya uchunguzi uliofanyika na kumalizika, mwombaji awe amekubali kwa maandishi, na likija jambo baya aitwe ajibu kabla hamjaamua. Minong'ono ya barabarani isiingie kwenye faili.

Sasa niseme juu ya mitihani yetu, kwa sababu hapa tunapoteza watu wazuri bila hata kujua. Mtihani wa kuwaajiri wasaidizi wa kijamii Bukavu unaandikwa kwa Kifaransa. Kazi yenyewe inafanyika kwa Kiswahili na Mashi, na Kihavu ukivuka kwenda kisiwa cha Idjwi. Tunachuja watu kwa lugha ya ripoti, kisha tunashangaa timu inaandika ripoti nzuri na akina mama hawarudi.

Nimekaa kwenye jopo lililojaribu kufanya tofauti kidogo. Tulimwomba mwenzetu aigize mama mwenye jambo zito, tukamweka mtoto wa miaka saba kwenye kona ya chumba, anachezea vifuniko vya chupa. Waombaji wenye maksi za juu za maandishi waliingia, wakafungua daftari, wakaanza kuuliza kwa mpangilio wa vitabu. Akaja msichana mmoja ambaye Kifaransa chake kilikuwa cha kuokoteza. Alisimama mlangoni, akamwona mtoto. Akamsalimu mama, akavuta kiti akakaa pembeni yake badala ya mbele, na kabla ya swali lolote akamwuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu wa kukaa na mtoto nje kidogo. Baadaye mama alipomwomba amhakikishie kwamba mume wake hatajua, hakumwahidi. Alimweleza nani ataisoma fishi na nani hataisoma. Kuandika ripoti kunafundishika kwa miezi michache. Kile alichofanya mlangoni sijui shule inayokifundisha.

Jopo liwe na watu watatu, mmoja atoke nje ya shirika. Maswali yafungwe na yafunguliwe asubuhi ile ile. Kila mmoja aandike maksi zake kabla ya mazungumzo, maana mkubwa akishasema “huyu amenipendeza”, wengine wanabadilisha kalamu. Kisha maksi zibandikwe getini kwa namba za waombaji, bila majina, ili kila aliyefanya mtihani aone alipoishia. Na waliokosa waandikiwe. Kijana aliyepanda kutoka Bagira kwa miguu na kutumia fedha za fotokopi anastahili mstari mmoja wa majibu.

Mwisho, staji, yaani mafunzo kazini. Kuna vijana katika mji huu wanaofanya kazi kamili ya APS kwa jina la staji au kujitolea, mwaka wa kwanza na wa pili, kwa fedha ya usafiri tu. Wanashika mafaili ya waliobakwa, wanaamkia kambini, na likitokea tangazo wanaambiwa hawana uzoefu wa kazi ya kulipwa. Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaweka kipindi cha majaribio kisichozidi miezi 6, tena majaribio ya kulipwa. Kama mtu ameshika faili la mtoto kwa mwaka mzima, ameshajaribiwa. Na tazameni ni nani anayeweza kuvumilia miaka miwili bila mshahara: ni yule mwenye nyumba inayomlisha. Mtoto wa muuza ndizi wa soko la Kadutu anaacha mwezi wa nne, anaenda kubeba mizigo. Ndiyo tunavyopoteza watu wanaojua maisha ya wanufaika wetu kutoka ndani.

Wakuu wangu, najua mtakaloniambia wakati wa chai: mfadhili anataka timu iwe uwanjani ndani ya wiki mbili, haya yote yatatoka wapi? Ni kweli, na wafadhili wana sehemu yao ya lawama. Wanaoandika bajeti bila mstari wa kuajiri na muda wa kuajiri wanatusukuma kwenye simu ya binamu. Waambieni hivyo kwa maandishi kabla ya kusaini. Tena kuna njia ya katikati: fanyeni usaili mmoja mkubwa kwa mwaka, mtunze orodha ya waliofaulu kwa mpangilio wa maksi, na dharura ikija mchukue kutoka juu kwenda chini. Mtakuwa na timu ndani ya siku tatu.

Na ninyi vijana. Mtu akikuomba fedha au mwili ili upate kazi, usifute ujumbe. Andika tarehe, mahali, maneno aliyosema, umpe mtu mmoja unayemwamini akutunzie. Sitawaambia mkatae bila kujali, kwa sababu sijui nyumbani kwenu wamekula nini leo. Ninawaomba msikubali kuwa peke yenu. Nendeni wawili, watatu, kwa mkuu wa shirika. Asiposikiliza, nendeni kwa mfadhili ambaye nembo yake iko kwenye tangazo, halafu kwa Mkaguzi wa Kazi.

Kwa wakuu mlio hapa nina ombi moja, na ni la wiki hii. Mashirika yenye nafasi wazi mwezi huu, tangazeni leo mbele ya vijana hawa majina ya nafasi zenyewe, tarehe ya mtihani, na getini kwa nani maksi zitabandikwa. Kipaza sauti nakiacha hapa, karibuni mmoja mmoja.